Aombaye na Atoe Hesabu



Nimekaa kimya siku nyingi juu ya neno hili, nikidhani ya kuwa wakubwa wangu watalisema. Hawakulisema. Basi leo nimeona vema kulileta katika gazeti letu, ijapokuwa najua kwamba wako watakaonuna wakilisoma, na baadhi yao ni rafiki zangu ambao nasali nao kila Jumapili.

Neno lenyewe ni hili: tumejifunza sana kuomba fedha, walakini hatujajifunza kutoa hesabu yake. Twachanga kwa ajili ya kanisa, na shule, na zahanati, na kisima, na kwaya, na mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Haupiti mwezi ila bahasha huja mlangoni. Siku ya kuomba tuna meza yenye kitambaa cheupe, tuna kwaya, tuna kipaza sauti, tuna pilau ya wageni. Siku ya kueleza fedha imekwenda wapi, hatuna hata benchi la kukalia, maana siku hiyo haipo.

Na mtu akithubutu kuuliza, hujibiwa kwa moja katika maneno matatu. Huambiwa kwamba hana imani. Au kwamba hana adabu mbele ya wazee. Au kwamba yeye ametoa shilingi chache tu, kwa hiyo hana haki ya kuuliza. Mimi nasema ya kwamba maneno hayo yote matatu si kweli. Tena nasema kwamba yamewadhuru waaminifu kuliko yalivyowadhuru wezi. Nitaeleza sababu, na nitaanza na habari niliyoiona kwa macho yangu, kwa kuwa mimi mwenyewe nina hatia ndani yake.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa mwalimu kijana, mgeni katika kijiji kimoja. Watoto walisoma kwa zamu chini ya mwembe, na watu wakakubaliana kujenga vyumba viwili vya madarasa. Kamati ikachaguliwa. Mweka hazina akawa mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa korosho, mtu mpole asiyekosa ibada. Mwandishi nikawa mimi. Siku ya changizo akaalikwa mgeni rasmi kutoka mjini. Mgeni akasimama, akaahidi kutoa bati zote za vyumba viwili. Akina mama walipiga vigelegele mpaka vumbi likatimka. Baada yake likasomwa jina la mama mmoja mjane, aliyefungua pindo la kanga yake akatoa shilingi 500. Vijana walicheka. Nilimwona mama yule akiinamisha uso, nami niliandika jina lake haraka haraka, nikapita.

Fedha taslimu iliyopatikana siku ile na majuma yaliyofuata ilikuwa shilingi 3,860,000. Ahadi ya bati haikutimizwa hata leo. Kuta zilipanda hadi lenta, kazi ikasimama, na mvua za masika zikaanza kula vichwa vya kuta.

Katika siku zile za ujenzi nilimwendea mweka hazina mara moja tu. Nikamwamkia, nikamwambia, “Mzee, naona ni vema tuandike matumizi katika daftari.” Akatabasamu, akanijibu, “Mwalimu, mwanangu, usihangaike. Mimi najua kila shilingi ilipo.” Nami nikasema, “Naam, Mzee,” nikaenda zangu. Alikuwa wa umri wa baba yangu. Niliona kwamba nikisema zaidi nitakuwa nimemwita mwizi.

Basi mwaka wa pili minong’ono ikaanza. Mwanawe mmoja aliyefanya kazi mjini alikuja na pikipiki, na watu wakasema, “Bati zetu hizo, zimeota magurudumu.” Hakuna aliyemwambia mzee usoni. Walimwambia kwa kuhama benchi alilokaa. Akapunguza kuja ibadani; kisha akaacha kabisa, akawa hushinda chini ya mkorosho wake. Mwaka wa tatu akafa. Mazishi yake yalikuwa na watu wachache kuliko ilivyostahili mzee kama yule.

Siku arobaini zilipokwisha, mjane wake alikuja nyumbani kwangu na kopo la maziwa. Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi: vya saruji, vya misumari, vya mchanga, vya mafundi waliotia alama ya dole gumba. Nilikaa usiku kucha nikajumlisha. Zilifika shilingi 3,412,000. Zilizosalia, shilingi 448,000, sikuziona. Yawezekana zilikuwa ni za lori, maana kila mtu alikumbuka kwamba lori lilikuja mara nyingi, na hapakuwa na kipande hata kimoja cha lori. Yawezekana si hivyo. Mzee alijua, lakini mzee amekufa. Hata leo kijiji kile kina watu wanaosema alikula, na watu wanaosema hakula, na hakuna awezaye kuwaamua.

Laiti ningaliuliza kwa ushupavu siku ile! Nilidhani kwamba kunyamaza kwangu ni heshima, kumbe kunyamaza kwangu ndiko kulikomvunjia heshima. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba si mali peke yake ipoteayo. Hata jina la mtu hupotea nayo. Mwizi hahitaji daftari, maana lingemfunga. Ni mtu mwaminifu ahitajiye daftari, kwa kuwa siku atakaposingiziwa hana ngao nyingine.

Sasa na tuyachukue yale maneno matatu.

Wa kwanza husema, “Fedha ya Mungu haiulizwi, Mungu anaona.” Yuko ndugu mmoja aliyenifungulia kabisa Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 12, akanionyesha kwamba katika siku za Mfalme Yoashi wasimamizi wa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu. Akafunga kitabu kwa furaha. Nikamwomba akifungue tena, tusome mlango wote tangu mwanzo. Tukaona nini? Tukaona kwamba kwanza makuhani walikuwa wakipokea fedha wenyewe kwa ajili ya kutengeneza nyumba, na hata mwaka wa 23 wa mfalme yule mabomoko yalikuwa bado. Mfalme akawaita, akawauliza waziwazi mbele ya mkubwa wao, akawakataza kupokea tena. Ndipo Yehoyada kuhani alipochukua kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu ambapo kila aingiaye hulitazama. Na fedha ilipokuwa nyingi, hakuja mtu mmoja kuihesabu. Alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakaihesabu pamoja na kuifunga katika mifuko. Baada ya hayo yote ndipo wale wasimamizi walipoaminiwa. Ndugu yangu alitaka aya ya mwisho bila kasha, bila tundu, bila mashahidi wawili. Uaminifu ule ulijengwa juu ya utaratibu. Haukuwekwa mahali pake.

Tena tusome Kutoka, mlango wa 38. Hema ilipokwisha kujengwa, Musa aliamuru hesabu iandikwe, na kazi hiyo ikawa chini ya mkono wa Ithamari mwana wa Haruni. Dhahabu talanta 29 na shekeli 730. Fedha talanta 100 na shekeli 1,775. Shaba talanta 70 na shekeli 2,400. Wala hesabu haikuishia katika mapato. Imeandikwa kwamba zile talanta 100 za fedha zilitumika kwa vitako 100, talanta moja kwa kila kitako, na zile shekeli 1,775 zilitumika kwa kulabu za nguzo na mapambo yake. Hata kulabu! Naye Musa alikuwa mtu aliyesema na Mungu mlimani. Kama Musa hakuona haya kuandika kulabu, sisi ni nani hata tuone haya kuandika misumari?

Wa pili husema, “Kumwuliza mzee hesabu ni kumkosea adabu.” Hili ndilo lililonishinda mimi, kwa hiyo nalijibu kwa uchungu. Mtume Paulo alipokusanya msaada wa makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu waliokuwa na shida, je! aliuchukua peke yake mkobani mwake? La. Ukisoma Waraka wake wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 8, utaona kwamba alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe kusafiri na sadaka ile, na ndugu mwingine tena. Naye aeleza sababu yake: alijihadhari na lawama juu ya fedha nyingi kama ile. Hakuona kwamba yatosha Mungu kujua. Alitaka na watu waone. Nani katika makanisa yale aliyekuwa mzee kuliko Paulo? Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetaka mashahidi. Basi adabu ya kweli ni mzee kuitoa hesabu kabla hajaulizwa, ili kijana asilazimike kuuliza. Na kama mzee amesahau, adabu ya kijana ni kumkumbusha mapema, kwa sauti ya chini, na kwa daftari mkononi.

Wa tatu husema, “Wewe umetoa kidogo, nyamaza.” Huyu hulipima neno kwa uzito wa mfuko. Lakini Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yule mjane wa hekaluni aliyetoa senti mbili alisifiwa kuliko matajiri, kwa sababu alitoa riziki yake yote. Mama yetu wa shilingi 500 vivyo hivyo. Huenda siku ile alilala bila chumvi. Mgeni rasmi aliyeahidi bati na asizilete alitoa maneno. Kama haki ya kuuliza yapimwa, basi mama yule ana haki zaidi yake, na zaidi ya mwandishi wa kamati.

Nimekwisha kujibu wale watatu. Lakini liko kosa lingine ambalo ni ndugu yake lile la hesabu, nalo ni kuomba kwa kulazimisha. Maana asiyetaka kutoa hesabu hawezi kuomba mara ya pili kwa hiari ya watu. Sharti aombe kwa kuwatisha au kwa kuwatia aibu.

Sisi walimu tusijifiche katika jambo hili. Tulichangisha madawati, tulichangisha mlinzi, tulichangisha mitihani ya majaribio, na mtoto ambaye mzazi wake hakuleta alirudishwa nyumbani. Nami nimewahi kuwarudisha. Nilisimama mlangoni na orodha, nikasoma majina, na watoto wakaondoka na madaftari yao kwapani kwa kosa ambalo si lao. Matokeo yake twayajua: mwezi wa Januari mwaka 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya kulazimishwa katika shule za msingi na sekondari za Serikali. Wengi wetu tulinung’unika tukisema, sasa shule zitajengwa kwa nini? Mimi nasema kwamba mlango ule tuliufunga wenyewe. Mchango wa hiari tuliugeuza kodi, na kodi yenyewe haikuwa na risiti.

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia hiyo hiyo mbele yetu. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta aliwaita watu wake kujenga nchi kwa harambee, na neno hilo lilijenga mengi: zahanati, majosho ya ng’ombe, na shule nyingi za sekondari ambazo ziliitwa kabisa shule za harambee. Lilikuwa jambo jema. Lakini kidogo kidogo wanasiasa waliligeuza kuwa uwanja wa kushindania ukubwa, na watumishi wa serikali wakawa wakiwapitishia watu kadi za michango ofisini, mahali ambapo mtu mwenye shida ya muhuri hawezi kusema hapana. Mwaka 2003 ikawekwa sheria ya maadili ya watumishi wa umma, ikawakataza kutumia cheo kumbana mtu atoe mchango. Kosa halikuisha. Mwezi wa Julai mwaka 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Rais William Ruto akatangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki harambee. Na mwezi wa Novemba mwaka ule ule Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likatangaza kwamba litarudisha fedha ambazo Rais mwenyewe alizitoa katika kanisa moja la Soweto, likisema kwamba kanisa lisifanywe mahali pa kutafutia sifa za siasa. Nimesikia watu wakicheka: kanisa gani lirudishalo fedha? Mimi sikucheka. Niliwaza bati zetu zilizoahidiwa, na vigelegele tulivyozilipia.

Wala mtu asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Waafrika. Huko Uingereza, ambako kuomba fedha kwa ajili ya hisani ni kazi ya watu waliosomea, mwaka 2015 alifariki mama mzee wa miaka 92 mjini Bristol, mtu mkarimu aliyejulikana kwa kujitolea. Ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa amesongwa na barua za maombi. Wachunguzi waliona kwamba vyama 99 vilikuwa na jina lake katika orodha zao, na vingi vililipata kwa wengine, si kwake. Nchi ilishtuka, na mwaka 2016 kikaundwa chombo kipya cha kuwasimamia waombao fedha. Basi elimu peke yake haitoshi. Mwombaji akimwona mtoaji kuwa ni kisima cha kuteka, hata kama ana elimu, atateka mpaka matope.

Je! kuomba kwa haki kwafanywaje? Si siri, wala si kazi ya wenye digrii tu. Nitaeleza kama nilivyojifunza kwa watu wa kazi hiyo, na kwa makosa yangu.

Kwanza, ijulikane kiasi kabla ya kuomba. Aitwe fundi, apime, aandike bati ngapi, mbao ngapi, misumari kilo ngapi, ujira kiasi gani, na bei ya dukani ya juma lile. Asiyejua kiasi hawezi kujua kama zimetosha. Mwaka 2011, njaa ilipowapata watu wa kaskazini mwa Kenya, Wakenya walitangaziwa changizo lenye kiasi maalum: shilingi milioni 500 za Kenya, kwa majuma manne. Kila mtu alitoa kwa kadiri yake, wengi kwa simu ya mkononi, na kiasi kile kikapitwa. Watu hutembea upesi wanapouona mwisho wa safari. Tena Musa, mafundi walipomwambia kwamba watu wanaleta kupita haja, alipeleka tangazo kambini kwamba waache. Je! msomaji, lini umesikia kamati ya kwetu ikitangaza, “Imetosha, msilete tena”?

Pili, mtu aombwe kwa kweli na kwa faragha. Mwendee nyumbani kwake, mweleze kazi, mwonyeshe makisio, kisha mpe nafasi ya kukataa. Asiye na nafasi ya kukataa hakutoa; amenyang’anywa. Kusoma majina na viwango kwenye kipaza sauti kukome. Atakaye kushukuriwa ashukuriwe, lakini kwa kazi yake, si kwa kuwaaibisha walio maskini kuliko yeye.

Tatu, fedha isikae kwa mtu mmoja. Wahesabu wawili au watatu, wasio wa nyumba moja, mbele ya macho ya watu, na watie sahihi siku ile ile. Kila atoaye apewe risiti, hata wa shilingi 500. Siku hizi wengi hutuma kwa simu, na namba ya simu huwa ni ya mweka hazina mwenyewe, ambayo ndiyo anunuliayo mafuta ya taa na kumtumia mwanawe ada. Hata malaika angechanganya! Ifunguliwe akaunti ya kikundi yenye sahihi zaidi ya moja, na fedha ya simu iingie humo.

Nne, fedha iliyoombwa kwa kazi moja isihamishwe kwa kazi nyingine. Mliomba bati, msinunue viti vya mgeni. Kama haja imebadilika, rudini kwa waliotoa, muwaulize. Fedha ile si yenu. Ninyi ni wachukuzi wake.

Tano, mkusanyaji asilipwe fungu la alichokusanya. Nimesikia vijana wakiambiwa, “Katika kila elfu kumi, elfu moja yako.” Chama cha waombao fedha za hisani cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1960, kinawakataza wanachama wake kulipwa kwa asilimia. Sababu yake mtoto aweza kuifahamu: alipwaye kwa fungu hutazama fungu lake, hamtazami mtoaji. Kama kijana anafanya kazi, alipwe posho iliyokubaliwa na kutangazwa, apate nyingi au apate chache.

Sita, na hili ndilo kubwa, hesabu ibandikwe mlangoni mwa kanisa na katika ofisi ya kijiji, kwa mwandiko mkubwa, mwisho wa kila mwezi kazi ikiendelea, na mara moja tena ikiisha. Iandikwe iliyoingia, iliyotoka, iliyosalia, na ahadi ambazo hazijatimizwa pamoja na majina ya walioahidi. Na palipokosewa paandikwe vile vile. Saruji mifuko mitatu ililoweka na mvua? Semeni. Fundi alikimbia na ujira wa siku mbili? Semeni. Watu husamehe hasara waliyoambiwa. Ile waliyofichwa hawaisamehi, na hivyo ndivyo ilivyo haki.

Najua wako watakaosema, “Mwalimu, hayo ni mambo ya mashirika makubwa, sisi ni kijiji, twajuana.” Ndiyo, twajuana. Tulimjua na yule mzee. Tulimjua miaka sitini, na haikuchukua miaka miwili kumhukumu.

Wengine watasema, “Ukibandika hesabu, watu watagombana.” Nami nauliza, sasa hawagombani? Tofauti ni kwamba sasa wagombana gizani, juu ya pikipiki ya mtu. Penye karatasi mlangoni watagombana juu ya mifuko ya saruji, na ugomvi wa namna hiyo huisha, maana mifuko yahesabika.

Nimalizie na jambo lililonifanya niandike mwezi huu na si mwingine. Kuta zile bado zimesimama. Nyasi zimeota juu ya lenta, na watoto wangali chini ya mwembe, wengine wakiwa ni wadogo wa wale niliowafundisha hapo mwanzo. Kamati mpya imechaguliwa. Bahasha zimekwisha kuchapwa, na mgeni rasmi amekwisha kuandikiwa barua. Nami nimeombwa kuwa mwandishi mara ya pili.

Nimewajibu ya kwamba nakubali kwa sharti moja. Kabla ya bahasha hata moja kutoka, isomwe hesabu ya zamani mbele ya watu wote, kama ilivyo: shilingi 3,860,000 zilizoingia, shilingi 3,412,000 zenye vipande, shilingi 448,000 zisizoonekana, na ahadi ya bati ambayo haikuletwa. Nitaisoma mimi, na nitasema kwamba daftari halikuwapo kwa sababu mwandishi aliogopa kuuliza. Mjane wa mweka hazina ameniambia kwamba atakuja siku hiyo na kukaa benchi la mbele.

Wajumbe wawili wamenijibu kwamba maneno hayo yatawafukuza wenye kutoa. Nimewaambia kwamba kama fedha yaweza kupatikana tu kwa kuficha ile ya kwanza, basi heri watoto wakae mwaka mwingine chini ya mwembe kuliko kuwaezekea uongo. Mashauri hayajaisha; tutakutana tena Jumamosi.

Nanyi, ndugu wasomaji, kijijini kwenu kuna kuta za namna hii? Basi bahasha ijayo ikija, msiikatae, wala msiijaze upesi. Mkaribisheni mwenye kuileta, mpeni kiti na maji ya kunywa, kisha mwulizeni kwa upole: “Ile ya kwanza ilijenga nini?” Akiwa na jibu, mpeni kwa moyo mweupe. Akiwa hana, mpeni muda akalitafute.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu wa kijijini